Swali la lugha: Kuvu huchacha, huchachushwa au huchachusha?

Msomaji anayetafsiri makala kuhusu utengenezaji wa penisilini, dawa ya kuua bakteria inayotolewa na kuvu, ameandika kwamba «kuvu huchachushwa ndani ya tangi katika mazingira ya ukuaji ya nyuzi 25», na anauliza kama kitenzi «kuchacha» kingetosha.

Nyuzi 25 za Selsiasi ni sahihi. Kilichokosewa ni kauli ya kitenzi. Mpishi wa maandazi hasemi kwamba ameumua hamira, kwa sababu kinachoumuliwa ni unga. Vivyo hivyo, kuvu ndiyo inayochachusha, na kinachochachushwa ni mchuzi wa virutubisho, yaani maji yenye sukari, nitrojeni na madini.

«Kuchacha» hakufai hapa. Wali uliofunikwa ungali moto ukalala hadi asubuhi huwa na utelezi na harufu kali, nasi husema umechacha: umeharibika bila mtu kukusudia. Neno hilo, hata hivyo, lina nafasi yake kiwandani. Hewa inayoingizwa tangini isipochujwa vizuri, bakteria wanaweza kupenya, na baadhi yao hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini. Hapo ndipo mtu anaposema kwa haki kwamba mchuzi umechacha, na dawa imepotea.

«Mazingira ya ukuaji» nayo yanahitaji uangalifu, maana kukua si kuzalisha. Watafiti wa Peoria, Illinois, nchini Marekani, walioanza kazi ya kuongeza uzalishaji wa penisilini mwaka 1941, walitumia maji yaliyorowekewa mahindi viwandani pamoja na laktosi, sukari ambayo kuvu huila polepole. Ikipewa glukosi kwa wingi, kuvu hustawi haraka lakini hutoa dawa kidogo. Penisilini huongezeka pale ukuaji unapopungua kasi. Kwa hiyo, panapozungumziwa dawa yenyewe, andika «mazingira ya uzalishaji».

Wapo wanaolipinga neno «kuchachusha» hapa, wakisema kwamba kibiolojia uchachushaji hufanyika bila oksijeni, ilhali kuvu hii hufa njaa ya hewa isipopuliziwa na kukorogwa muda wote. Hoja yao ni ya kweli, lakini viwanda vimekwisha kulipanua neno, nami sioni sababu ya Kiswahili kulibana.

Sentensi yako basi isomeke: «Kuvu huchachusha mchuzi wa virutubisho ndani ya tangi, katika joto la nyuzi 25, huku mchuzi huo ukipuliziwa hewa safi na kukorogwa bila kukoma.»