Jibu: Naandika kazi kumi kila asubuhi, sare za shule haziishi

Salama mkuu. Umesema kila asubuhi unaandika orodha ya kazi kumi za ushonaji, jioni ikifika zipu na pindo za wateja wa papo kwa papo zimeisha, ila sare ulizochukulia advansi hazijaguswa. Na mimi ni fundi cherehani, nakujibu kwa nilivyozoea.

Kwanza angalia: kazi ipi ikichelewa itabidi urudishe hela za watu? Hiyo ndiyo ya asubuhi, moja tu.

Halafu iandae jioni kabla hujafunga ofisi. Kata vitambaa, jaza bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) uzi wa rangi ile ile, acha kola ya kwanza imeshabanwa chini ya mguu wa cherehani. Ukifika unakanyaga tu, hakuna kujiuliza uanze na nini. Hapa ndipo tabia inapojengeka, amini. Simu ikae kwenye droo mpaka kola zote ziishe.

Mteja wa zipu usimfukuze. Pokea nguo, bandika karatasi yenye jina, mwambie apitie saa kumi. Wengi wanakubali. Anayeng'ang'ania mwelekeze kwa fundi jirani.

Unakata mwenyewe au una msaidizi? Kama yupo, zipu zote mpe yeye asubuhi.