Maswali na majibu: Miguu ilianza majini

Samaki wa kale alijuaje kwamba atahitaji miguu huko nchi kavu, hata akaanza kuiota?

Hakujua. Swali hili limenifikia kwa sura tatu mwezi huu, na zote zina kosa moja: zinadhani safari ilitangulia, miguu ikafuata. Ni kinyume chake. Mtazame Acanthostega, mnyama wa kale aliyeishi miaka milioni 365 hivi iliyopita mahali ambapo leo ni Greenland. Ana miguu minne yenye vidole. Lakini pia ana matamvua kama samaki, mkia wenye pezi pana, na mikono isiyoweza kubeba uzito wake. Huyo hakuwa wa kutembea juani. Vidole vilimfaa humohumo majini, penye kina kifupi na magugu mengi, pa kusukumia na kujishikiza. Kazi ya Jenny Clack, mtaalamu Mwingereza wa wanyama wa kale aliyerudi na visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya Acanthostega mwaka 1987, ndiyo iliyovunja ile hadithi ya samaki anayejikokota matopeni kutoka dimbwi lililokauka kwenda jingine. Hadithi hiyo bado inachorwa kwenye vitabu vya watoto. Ukiiona, funika ukurasa.

Kama tumetokana na samaki, mbona samaki bado wapo?

Mbona binamu zako bado wapo?

Kwa nini vidole vitano na si zaidi?

Mwanzoni vilikuwa zaidi. Acanthostega alikuwa na vinane mkononi; kati ya wanyama wengine wa kale wa miguu minne, Ichthyostega alikuwa na saba mguuni, Tulerpeton sita. Tano ilikuja baadaye ikashika. Anayekwambia tano ndiyo idadi kamili amuulize farasi, anayekimbia kwa kidole kimoja kila mguu.

Nimesoma kwamba Tiktaalik ndiye babu yetu. Ni kweli?

Mwite samaki huyu wa kale ndugu wa babu, utakuwa salama. Alipatikana mwaka 2004 kisiwani Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, na kutangazwa 2006. Mtafiti Neil Shubin na wenzake hawakumwokota kwa bahati: walichagua miamba ya umri unaofaa, miaka milioni 375 hivi, iliyotokana na mito ya kale, wakairudia msimu baada ya msimu. Ana magamba na mapezi, lakini ana shingo! Samaki wa kawaida hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza mwili, maana mifupa ya bega imeungana na fuvu. Huyu aliweza. Hata hivyo, mwaka 2010 zilielezwa nyayo kutoka Zachełmie, Poland, zenye umri wa miaka milioni 390 hivi. Wapo wanaobishana ni za nani, lakini kama ni za wanyama wa miguu minne, basi wenye miguu walikuwepo kabla ya huyu "babu". Mageuko ni kichaka, si ngazi. Nimeshaandika hivyo mara ngapi?

Pezi ni miiba na utando tu. Mfupa wa mkono ulitoka wapi?

Unamfikiria samaki uliyemla jana. Shika mkono wako: begani hadi kiwikoni mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vifupa vingi vya kifundo, kisha vidole. Sasa mtazame Eusthenopteron wa kale, samaki kamili asiye na kidole: ndani ya pezi lake nene kuna mfupa mmoja, ukifuatwa na miwili. Mpangilio ulikuwepo tayari; kilichobadilika zaidi ni ncha. Mwaka 2016 watafiti walizima jeni za kundi la hox13, zinazoongoza ujenzi wa ncha ya kiungo, katika samaki-milia (samaki mdogo wa maabara). Miale ya mapezi ikafupika mno, na vifupa vya ndani vikaongezeka. Ukizima jeni za kundi hilohilo katika panya, anakosa vidole. Tafadhali msiniandikie kwamba "mwiba uligeuka kidole". Kilichorithiwa ni maelekezo ya kujenga ncha ya kiungo.

Mwalimu wetu alisema mifupa ya sikio ilikuwa taya. Alikuwa anatania?

Hakutania, na mshukuruni. Ndani ya sikio letu mna vifupa vitatu: kikuku, nyundo na fuawe. Kikuku kilikuwa mfupa wa kushikiza taya la samaki kwenye fuvu. Nyundo na fuawe vilikuwa bawaba ya taya kwa mababu zetu waliofanana na reptilia. Katika kiinitete cha binadamu, nyundo huanza ikiwa imeungana na gegedu la taya la chini, kisha hujitenga.

Kamongo ana mapafu. Je, naye yuko njiani kuota miguu?

Hayuko njiani kwenda popote. Ni kamongo, ametosheka. Ni jamaa yetu wa karibu kuliko silakanti, yule samaki wa baharini aliyedhaniwa ametoweka hadi akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Ila mwaka 2011 watafiti walimrekodi kamongo ndani ya tangi akiinua mwili wake na kupiga hatua sakafuni, kushoto, kulia, kwa mapezi mawili ya nyuma, membamba kama kamba, yasiyo na kidole hata kimoja.