Mvumo kwenye spika baada ya kuunganisha luninga: chomoa waya wa dishi kwanza, usiguse ethi

Ndugu wa Ipuli, huyo fundi anayekutaka ununue stabilaiza, kisha umruhusu akate waya wa ethi (ule wa usalama, unaopeleka ardhini umeme unaovuja) kwenye plagi ya amplifaya, asikanyage tena nyumbani kwako. Umeandika kwamba tangu uunganishe luninga mpya spika zinavuma hata sauti ikiwa chini kabisa, na kwamba muziki umefifia tangu kioo cha luninga kikae katikati ya spika. Naanza na mvumo, kwa sababu mvumo ndio uliokula fedha nilizotenga kuezekea chumba cha uani, na ushauri niliopewa hapa hapa Tabora ndio huo unaopewa wewe, karibu neno kwa neno.

Fundi wangu alianza kwa kusema umeme wa mtaa wetu ni mchafu, nikanunua stabilaiza, mvumo ukabaki. Akasema waya za spika ni nyembamba, akaniuzia nene za shaba, mvumo ukabaki. Akasema amplifaya imezeeka, akaifungua na kubadilisha kapasita kubwa za ndani, na mvumo ukabaki vilevile. Mwisho akafungua plagi ya pini tatu, akaukata kwa koleo ule waya wa kijani wenye mistari ya njano, na spika zikanyamaza palepale. Nililipa kwa furaha. Haukupita muda, mke wangu akachomoa waya wa luninga nyuma ya amplifaya ili asikilize CD ya Tabora Jazz bila luninga, akashika kitasa cha sauti akiwa peku kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, na mkono ukarushwa. Bodi ya chuma ya amplifaya haikuwa na njia yake ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Muda wote huo ulikuwa ukipitia kwenye waya mwembamba wa luninga, na waya huo ulipochomolewa ukapita kwa mtu. Laiti waya wa moto ungegusa bodi ile wakati huo, fyuzi isingekatika, na bodi ingebaki na volti 230 ikimsubiri mtoto. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba fundi yule hakuwahi hata mara moja kuchomoa kifaa kimoja kimoja na kutega sikio. Kila jawabu lake lilikuwa na bei.

Chanzo chenyewe kinaeleweka kwa urahisi. Dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini, kwa hiyo lina ethi yake, na amplifaya inapata ethi nyingine kupitia soketi ya ukutani. Ethi hizi mbili hazilingani sawasawa, na tofauti hiyo ndogo husukuma mkondo kutoka kwenye waya wa dishi, kupitia king'amuzi na luninga, hadi kwenye zile waya za pini nyekundu na nyeupe zinazoingia kwenye amplifaya, ambayo haiwezi kuutofautisha na muziki, ikaukuza pamoja nao. Ndiyo maana unasikia mlio mnene wa hezi 50, na mara nyingi wa 100 juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi moja, zima kila kitu, fungua ile nati ya waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, uutenge waya pembeni, kisha washa tena na usikilize. Mvumo ukikoma, tatizo lako limejulikana, na stabilaiza haihusiki. Ukiwa na luninga yenye tundu la sauti la optiko, toa sauti kwa waya wa optiko, kwa sababu waya huo hupitisha mwanga tu na haupitishi umeme, hivyo mzunguko ule unakatika bila kugusa usalama wa mtu. Amplifaya za zamani hazina tundu hilo. Utahitaji kisanduku kidogo cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, na kwenye mpangilio wa sauti wa luninga uchague PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa), la sivyo kisanduku kinaweza kukaa kimya ukadhani ni kibovu. Wapo watakaokushauri uweke kitenganishi, yaani kifaa cha kukata njia ya mkondo ule, kwenye waya wa dishi. Uwe mwangalifu, kwa sababu king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB (kile kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi) kupitia waya huohuo, na vitenganishi vya antena za kawaida huuzuia umeme huo, ukabaki na luninga isiyo na picha.

Kuhusu kioo, ni kweli kwamba kinarudisha sauti, hasa ya juu na ya kati, na ndiyo maana mwimbaji hasikiki tena akiwa amesimama katikati. Sogeza spika mbele kupita uso wa luninga, hata nusu mita ikiwa sebule inaruhusu, na unaposikiliza muziki peke yake funika kioo kwa blanketi zito, luninga ikiwa imezimwa.

Ikiwa fundi amekwisha kuukata ule waya wa kijani, usiiwashe amplifaya hadi urudishwe. Ukikuta mzima, anza na nati ya dishi usiku huu, kisha uandike hapa mvumo umebaki au umekwisha.