Bweni au kupanga? Nioneshe mkataba kwanza

Msimu wa wanafunzi wa chuo kutafuta vyumba umefika na maswali yenu yamejaa. Mengi yanafanana kiasi kwamba ningeyajibu nimefumba macho. Nimechagua haya machache. Ambao hamtajiona hapa, someni majibu ya wenzenu, huenda shida yenu imo humo humo.

Swali: Habari. Kati ya bweni na nyumba ya kupanga na wenzangu, ipi nafuu? Nijibu haraka tafadhali.

Haraka ndiyo iliyowaponza wengi. Unafuu wa mwezi au wa mwaka? Kila anayeuliza swali hili huniletea kodi ya mwezi tu, halafu anataka nimpe hukumu ya mwaka. Haya, tuseme bweni ni 120 kwa mwezi na chumba kwenye nyumba ya kushirikiana ni 100, kwa sarafu yoyote uipendayo. Umeshaanza kutabasamu. Sasa uliza mkataba wa kila mmoja ni wa muda gani. Mabweni mengi hutoza kwa kipindi cha masomo. Wenye nyumba wengi hutaka mwaka mzima, hata kama likizo yote uko kwenu na chumba wanalala panya. Bweni kwa miezi 9 ni 1,080. Nyumba kwa miezi 12 ni 1,200. Hapo bado hujalipia umeme, maji, intaneti na uzoaji wa taka, ambavyo bwenini aghalabu vimo ndani ya ada. Hujanunua godoro wala sufuria. Hujaweka amana kwa mwenye nyumba, ambayo ni pesa yako kweli, ila hutaigusa mpaka siku ya kuhama.

Sisemi kwamba nyumba haishindi kamwe. Ukibaki huko likizo nzima kwa kazi au utafiti, au mkipata mwenye nyumba anayekubali mkataba wa miezi ya masomo tu, hesabu inageuka. Ipige kwa mwaka, jumlisha kila kitu, halafu ndipo tuongee.

Swali: Tuko marafiki watano, tumepata nyumba nzuri. Mwenye nyumba ametupa mkataba mmoja tusaini wote. Kuna ubaya?

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mkataba mmoja wenye saini tano mara nyingi huwa na kifungu kinachosema wapangaji wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja". Watu hulisoma hilo kama maneno ya mapambo ya wanasheria. Maana yake ni kwamba kila mmoja wenu anadaiwa kodi yote, si sehemu yake ya tano. Mmoja akiacha chuo, akikosa ada au akiamka tu na kuondoka, mwenye nyumba hana haja ya kumtafuta. Anawagongea ninyi mlio karibu.

Yalinikuta. Mwaka wangu wa pili tulipanga wanne. Mwenzetu mmoja alipata nafasi ya masomo kwingine, akaaga vizuri kabisa, tukamfanyia na sherehe. Mwezi uliofuata mwenye nyumba akaja na mkataba mkononi, akatuonesha mstari ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameusoma. Tulilipa sehemu ya yule bwana kwa miezi saba. Mwenye nyumba hakutudhulumu, sahihi zilikuwa zetu. Ndiyo maana nikiona mtu ameandika "nyumba nzuri" bila neno hata moja kuhusu mkataba, mkono unaniwasha.

Ombeni kila mmoja awe na mkataba wake wa chumba chake. Mwenye nyumba akikataa, ombeni kifungu kinachoruhusu anayeondoka kuleta mtu wa kuchukua nafasi yake, na kiandikwe. Maneno ya mlangoni hayahesabiki. Na kama wazazi wenu wanaombwa kuwa wadhamini, wasome wanachokidhamini: mzazi anaweza kudhani anamdhamini mwanawe, kumbe amedhamini watoto wa watu wanne asiowajua.

Swali: Rumeti wangu wa bwenini anakoroma sana. Nifanyeje?

Ziba masikio usiku, mwambie asubuhi. Ukisikia anakoroma kisha pumzi inakatika kabisa na kurudi kwa kishindo, mshauri amwone daktari, maana hiyo inaweza kuwa ni maradhi.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mzazi. Binti yangu anaanza mwaka wa kwanza na anataka kupanga na wenzake aliokutana nao kwenye kundi la WhatsApp. Mimi naona bweni ni salama zaidi. Niko sahihi?

Marahaba. Uko sahihi kuhusu bweni, ila sababu yako nusu tu ndiyo naikubali. Bwenini nako kuna wizi, na kuna funguo ambazo hakuna anayejua zimetengenezwa nakala ngapi. Uliza nani anashika funguo za akiba, mlango mkuu unafungwa saa ngapi, na mwanafunzi akiugua usiku anamwita nani. Bweni zuri lina jibu la maswali yote matatu papo hapo.

Mimi ningempeleka bwenini mwaka wa kwanza kwa sababu nyingine. Hajui bado anaweza kuishi na nani. Watu wawili wakiishi pamoja kuna uhusiano mmoja wa kuulea. Wakiwa watano, ni kumi, na kila mmoja katika hiyo kumi unaweza kuharibika kwa sababu ya sufuria isiyooshwa. Kwenye kundi la simu kila mtu ni msafi na kila mtu hulala mapema. Akakae bwenini, aone nani hulipa madeni yake bila kukumbushwa na nani hutumia sabuni ya mwenzake, kisha mwaka wa pili achague watu kwa ushahidi.

Na ningependa kukuuliza, mzazi mwenzangu: angekuwa mvulana, ungeandika? Wavulana nao huporwa, na nao husaini mikataba mibovu.

Swali: Dalali ametutumia picha za nyumba. Anasema tulipe amana leo kwa sababu kuna wengine wanaitaka. Tulipe?

Hapana.

Nimelijibu hili kila mwaka na bado linakuja. Hujaingia ndani, hujafungua bomba, hujamwona mwenye nyumba, hujui kama anayekutumia picha ana haki ya kupangisha hata choo. Picha ya chumba inaweza kuchukuliwa popote. Anayekuhimiza ulipe leo anajua kitu ambacho kesho ungekigundua. Kaione mchana, kisha rudi usiku usikie majirani. Ongea na anayeishi humo sasa, bila dalali kusimama pembeni. Pesa itoke baada ya saini, na risiti iwe na jina la mpokeaji.

Swali: Nyumba tuliyopata ni kubwa na ina ua, ila ni dakika 40 kutoka chuoni. Wengine wanasema mbali, mimi naona ni mazoezi.

Kwenda na kurudi ni dakika 80. Siku 5 kwa wiki, wiki 30 za masomo: saa 200. Hizo ni siku 25 za kazi za saa nane nane, umezitoa barabarani kwa hiari yako. Kama unajua kusoma ukiwa safarini, sawa. Wengi tunachojua ni kusinzia.

Pia fikiria maktaba. Anayeishi bwenini husoma mpaka saa nne usiku, akatembea hatua chache kulala. Wewe saa kumi na mbili jioni utaanza kuangalia saa. Ua utakuwa unauona Jumapili.

Swali: Nyumba yetu ina baridi kali usiku. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani kwa muda tu, tukifungua dirisha kidogo?

Msithubutu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na anayeivuta akiwa amelala anaweza asiamke. Moshi ukiisha na makaa yakabaki mekundu, watu hudhani hatari imepita, kumbe hewa hiyo bado inatoka. Dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja ni sababu ya kutoka nje mara moja, kisha kutafuta matibabu. Jenereta ni vilevile, isiwekwe ndani wala chini ya dirisha. Ongezeni blanketi.

Na ninyi wa bwenini msicheke. Nawajua mnaochomeka hita, birika na pasi kwenye kebo moja ya kuunganishia kisha mnaificha chini ya kitanda mlezi wa bweni akipita. Marufuku ile haikuwekwa kuwaonea. Waya uliozidiwa mzigo hupata moto, na juu yake mmeweka godoro.

Swali: Tunaogopa kukatwa amana siku ya kuhama. Tujikinge vipi?

Siku ya kuhama mmeshachelewa, kinga ni siku ya kuingia. Pigeni picha kila ukuta, kila kioo kilichopasuka, kila doa, pamoja na namba za mita. Zitumeni kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo kwa maandishi, ili zibaki na tarehe. Kinachoharibika baadaye kiripotini kwa maandishi pia. Ukungu ukutani mara nyingi huzua ugomvi: mwenye nyumba atasema mnaanika nguo ndani, ninyi mtasema paa linavuja, na pengine nyote mna ukweli. Fungueni madirisha, anikeni nje mkiweza.

Mkiwa mnakagua, inueni godoro mmulike mishono yake. Kunguni mzima huonekana kwa macho, ana kama milimita 5, na huacha vidoa vyeusi. Hukaa miezi bila kula, kwa hiyo chumba kuwa kitupu muda mrefu si ushahidi kwamba ni salama. Hili linahusu mabweni pia, tena sana, kwa vile kila muhula huleta masanduku mapya.

Swali: Bwenini hakuna faragha kabisa. Niko mwaka wa mwisho, naandika tasnifu. Nihame?

Hama, kama umeshapata watu unaowaamini na mkataba unaoisha pamoja na masomo yako. Mwaka wa mwisho utulivu una thamani kuliko ukaribu. Usihame tu katikati ya muhula ukajikuta unalipa kwingine na bwenini bado unadaiwa.

Swali: Nimesaini mkataba wa nyumba jana. Naomba kujua kama nimefanya vizuri.

Nakala iko wapi? Kama huna, rudi kwa mwenye nyumba leo uombe yenye saini zote mbili. Ukishaipata, niandikie tena.