Safarini Ule Nini, Ule Lini? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Lishe na Uzito

Mwezi huu mshauri wetu wa lishe anajibu barua za wasomaji wanaosafiri mara kwa mara kwa ajili ya biashara, kazi au kutembelea jamaa, na ambao wameona uzito wao ukipanda kila warejeapo nyumbani.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa nguo mjini Mbeya, na karibu kila mwezi huenda Kariakoo kufuata mzigo. Basi huondoka alfajiri. Kwa kuwa naona aibu kumwomba dereva asimame tuchimbe dawa, hunywa maji kidogo sana njiani. Tukifika kwenye kituo cha chakula tunapewa dakika chache tu, hivyo hukimbilia chipsi kuku na soda. Nikirudi nyumbani miguu imevimba, choo ni kigumu na nguo zinabana. Nifanye nini?
*Mama wa Mbeya*

JIBU: Mama, barua yako inaeleza mambo yanayozaana, na chanzo chake, kwa maoni yangu, si chipsi bali ni ule uamuzi wa kunywa maji kidogo mno tangu alfajiri. Mtu aliyekaa na kiu kwa saa nyingi, basi likisimama, hutafuta kitu cha baridi na kitamu kabla hajajiuliza kama ana njaa, na soda ndiyo iliyo karibu. Chupa ya mililita 350 hubeba takriban gramu 37 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda hiyo moja, ukiongeza na ile ambayo mhudumu wa basi hugawa pamoja na biskuti, inatosha kukuvusha hata kile kiwango cha juu, na bado hujala chochote cha kushibisha.

Maji nayo yana mpango wake. Kunywa glasi mbili mara uamkapo, mapema kiasi cha kupata nafasi ya kwenda haja stendi kabla ya kuondoka. Kisha kunywa mafunda machache kila baada ya muda badala ya kumaliza chupa nzima kwa mara moja. Halafu glasi nyingine mkifika mahali penye choo. Na ukibanwa, mwambie mhudumu bila kuona haya, kwani katika safari ya zaidi ya kilomita 800 hakuna abiria asiyelielewa jambo hilo.

Sasa kuhusu chakula chenyewe. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha hazifikishi kilokalori 90, lakini kiasi hicho hicho cha chipsi hukaribia 300, kwa sababu kiazi kinapokaangwa hupoteza maji yake na kunyonya mafuta. Wengi hudhani kwamba chipsi ndicho chakula cha haraka pekee. Tazama vizuri pale kituoni: wali na maharage, mchicha, ndizi za kupika na nyama ya mchuzi tayari viko kwenye sufuria na hupakuliwa mara moja, ilhali kuku husubiriwa atoke kwenye mafuta. Omba wali nusu, maharage na mboga vijae. Ukikosa hivyo, hindi la kuchoma, yai la kuchemsha na machungwa unayomenya mwenyewe ni mlo wa kutosha kwa mtu aliyekaa kitini siku nzima. Ukipenda karanga, konzi moja ya mkono, yaani gramu 30 hivi, ina kilokalori zipatazo 170; zinashibisha, lakini pakiti kubwa inayoliwa huku macho yako dirishani huisha bila mtu kujua.

Tena, mama, kumbuka kwamba basi kusimama hakumaanishi kuwa ni wakati wako wa kula. Ratiba ile ni ya dereva. Ikiwa ulikula asubuhi na huna njaa, shuka utembee dakika zote ulizopewa. Kutembea huko ndiko kunakopunguza uvimbe wa miguu, ambao husababishwa na kukaa muda mrefu na kuzidishwa na chumvi ya vyakula vya kukaanga. Hata hivyo, mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine baada ya safari ya zaidi ya saa nne, usisubiri: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni damu iliyoganda mshipani.

SWALI: Mimi ni mkaguzi wa hesabu, nina umri wa miaka 43, makao yangu ni Dodoma. Kazi yangu ni ya safari na semina. Nalala kwenye hoteli, kifungua kinywa kimo ndani ya gharama, kisha kuna chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya saa kumi, na jioni wenzangu wananiita nyama choma. Sijioni kuwa mlafi, lakini kitambi kinakua. Kosa langu liko wapi?
*Mkaguzi, Dodoma*

JIBU: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja kwa sababu inaeleza maisha ya maelfu ya watumishi, na kwa sababu jibu lake limo humo humo: umetaja nyakati tano za kula, na hakuna hata mmoja uliosema kwamba ulikuwa na njaa. Unakula kwa kuwa chakula kimeandaliwa, na kwa kuwa kimelipiwa. Nyumbani usingekunywa chai ya asubuhi saa moja kisha ukaandaa nyingine ya saa nne yenye sambusa mbili na andazi.

Tufanye hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Sambusa mbili za nyama, andazi moja na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari hufikisha kilokalori 500 kwa urahisi. Kwa semina ya siku tano hizo ni 2,500. Kilo moja ya mafuta ya mwili huwakilisha kilokalori 7,000 na zaidi, kwa hiyo chai ya saa nne peke yake, ikiwa ni nyongeza juu ya mahitaji yako, hukuachia karibu theluthi moja ya kilo kwa wiki. Ukiwa na wiki kumi za namna hiyo kwa mwaka, ni zaidi ya kilo tatu, na hatujagusa mlo wa mchana wala bia za jioni, ambazo kila chupa ya nusu lita ina kilokalori 200 hivi.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza si kubadilisha vyakula bali kupunguza nyakati. Chagua mapema, kabla hujaingia ukumbini, ni kipi kati ya kifungua kinywa na chai ya saa nne utakachokula, na kile kingine kiwe chai ya rangi au maji tu. Mimi ningechagua kifungua kinywa, kwa kuwa hotelini kwa kawaida hupati vitafunwa peke yake, bali pia mayai, matunda, na mara nyingine viazi vitamu, magimbi au uji, vyakula vinavyomfikisha mtu mchana bila kutetemeka. Chai ya saa kumi iache kabisa. Toka nje utembee, wala usibaki karibu na meza ya vitafunwa ukizungumza, kwa sababu mkono hufuata jicho.

Mlo wa mchana unahitaji uangalifu wa pekee. Meza ya semina huanza na wali, pilau, ndizi, tambi na chipsi, na mboga za majani huwekwa mwisho, wakati sahani imekwisha kujaa. Pita kwanza meza nzima bila sahani, uone kilichopo. Kisha jaza nusu ya sahani kwa mboga na kachumbari, robo kwa samaki, kuku au maharage, na robo iliyobaki kwa chakula kimoja tu cha wanga, kile unachokipenda zaidi. Anayechukua kijiko kimoja cha kila kitu, kwa nia njema ya kuonja, huondoka na wanga wa watu wawili. Matunda yawe ndiyo kitindamlo, maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na msafiri ndiye mtu wa kwanza kupungukiwa.

Nyama choma ya jioni sikukatazi, kwa sababu najua kwamba mengi ya kazi hutengemaa pale. Lakini ikiwa unajua utaitwa, usile pia chakula cha hoteli. Nyama hiyo ndiyo iwe mlo wako wa usiku, pamoja na kachumbari na ndizi moja ya kuchoma badala ya chipsi. Nenda kwa miguu ikiwa ni karibu na ni salama. Na ukirudi Dodoma, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kwa mwanaume, kiuno kinachozidi sentimita 94 (kwa mwanamke 80) ni dalili kwamba hatari ya kisukari na shinikizo la juu la damu inaongezeka, nawe katika umri wako inafaa upime vyote viwili.

SWALI: Naendesha lori la mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Foleni ya mpakani huweza kuchukua siku kadhaa, na sina la kufanya ila kula, kulala na kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Nimenenepa sana.
*Dereva, Kimara*

JIBU: Kaka, wewe una nafasi ambayo abiria wa basi hana: unaweza kubeba jiko. Madereva wengi hupika kando ya magari yao, na mtungi mdogo wa gesi, sufuria, unga, dagaa wakavu na maharage vinatosha kwa mlo ulio bora kuliko mwingi unaouzwa barabarani. Mboga na nyanya nunua njiani. Pale Ruaha Mbuyuni vitunguu hujaa tele. Pima mafuta kwa kijiko, wala usimimine kutoka kwenye chupa, kwa kuwa kijiko kimoja cha mezani tayari kina kilokalori 120.

Vinywaji vile naomba uviache. Kopo dogo la mililita 250 aghalabu lina sukari ya gramu 25 au zaidi, na kafeini yake huficha usingizi bila kuuondoa. Tena mtu asiyelala vya kutosha huhisi njaa zaidi siku inayofuata. Foleni ikisimama na kuna mwenzako wa kuangalia gari, tembea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni.

SWALI: Ninaishi Unguja, na kila mwaka huenda Muscat kuwaona ndugu zangu kwa mwezi mzima. Kila nyumba ninayoingia naletewa halwa, tende na kahawa, kisha birian. Kukataa ni kuvunja heshima. Sukari yangu imeanza kupanda, ingawa daktari hajanianzishia dawa.
*Bibi wa Michenzani*

JIBU: Shikamoo bibi. Heshima hiyo ni haki kulindwa, na nafurahi kwamba desturi yenyewe inakusaidia. Kahawa ya Oman hunyweka bila sukari, katika vikombe vidogo, na mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kidogo, asimiminiwe tena, wala hakuna anayechukizwa. Tende moja na kahawa ni kupokea ukarimu kwa ukamilifu. Halwa hupikwa kwa sukari, samli na wanga. Onja kipande cha ncha ya kidole katika nyumba ya kwanza, na katika zinazofuata shika tende peke yake.

Jambo lililo kubwa zaidi ni kumwambia mmoja wa ndugu zako, aliye mkubwa katika familia, kwamba daktari amekuonya juu ya sukari. Mwambie siku ya kwanza, faraghani. Yeye atawaarifu wengine, nao watakuandalia samaki na saladi kwa mapenzi yale yale waliyokuandalia birian. Ziara ziwe mbili kwa siku, si nne, ili usile chakula cha mchana mara mbili. Joto la kiangazi huko hupita nyuzi 40, kwa hiyo matembezi yawe baada ya Magharibi, katika ufukwe wa Mutrah, ukiwa na mjukuu wa kukushika mkono. Kabla ya kuondoka Unguja pima sukari, na pima tena ndani ya wiki ya kurudi, umpelekee daktari majibu yote mawili.

SWALI: Nilisafiri Mwanza siku tatu, nikarudi nikakuta nimeongezeka kilo mbili. Sasa nataka nisile kabisa safari ijayo. Je, ni sawa?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Si sawa, wala kilo hizo mbili si mafuta. Ili upate mafuta ya kilo mbili ungelazimika kula zaidi ya kilokalori 14,000 juu ya mahitaji yako kwa siku tatu, jambo ambalo ni gumu mno. Uzito huo ni maji yaliyovutwa na chumvi, wanga uliohifadhiwa mwilini pamoja na maji yake, na choo ambacho hakijatoka. Rudi kwenye chakula chako cha kawaida, kunywa maji, na upande tena mizani baada ya wiki moja, asubuhi, kabla ya kula. Anayefunga njia nzima hufika akiwa na njaa kali na hula maradufu usiku. Na ikiwa unatumia dawa za kisukari, usiruke mlo hata mmoja kabla hujaonana na kliniki yako, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa ndani ya basi, mbali na msaada. Beba glukosi au pipi mfukoni, na umwambie abiria aliyeketi kando yako.