Mfeijoa: Mti Usioonyesha Rangi ya Kuiva

Mfeijoa ni wa ukoo mmoja na mpera, na asili yake ni kusini mwa Brazili na nchi jirani kama Uruguay. Nilipopanda wa kwanza niliamini kwamba mti mmoja ungetosha, lakini kwa misimu miwili mfululizo ulichanua vizuri, kisha maua yote yakapukutika bila kuacha tunda. Aina nyingi za mfeijoa haziwezi kujichavusha, hivyo zinahitaji mti wa aina nyingine unaochanua wakati huohuo. Niliongeza mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, umbali wa mita 4 hivi, na matunda yalianza kushika mara tu huo wa pili ulipochanua. Sikusia mbegu, kwa kuwa mche wa mbegu huchelewa kuzaa na matunda yake huenda yasifanane na ya mti mama.

Ndege hupenda petali za ua hili, ambazo ni nene na tamu, na wanapozila husambaza chavua. Nami huchuma petali chache nikazila papo hapo, bila kugusa sehemu ya katikati, na tunda hushika kama kawaida.

Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo siku hizi situmii jembe karibu na shina, bali naweka matandazo na kumwagilia zaidi matunda yanaponenepa. Kupogoa nakufanya kidogo tu, mara baada ya mavuno, kwa sababu maua hutokea kwenye machipukizi mapya.

Kilichonisumbua zaidi ni kuvuna, maana tunda hubaki kijani hata likiiva. Mwaka wa kwanza niliyachuma makubwa kwa kuyakadiria kwa macho, yakawa machachu hata baada ya kukaa ndani siku kadhaa. Sasa nalishika tunda na kuliinua taratibu: likiachia kikonyo bila kuvutwa, limekomaa. Yanayoanguka yenyewe huyaokota kila asubuhi juu ya nyasi kavu nene nilizotandika, kwa sababu tunda likigonga ardhi ngumu huchubuka ndani huku ganda likionekana zima.

Ukitilia shaka, kata moja katikati. Ute wa ndani ukiwa mweupe, bado. Ukiwa angavu kama kioo, chukua kijiko ule. Ukiwa wa kahawia, umechelewa. Yaliyo tayari huyaweka kwenye jokofu na kuyamaliza ndani ya wiki moja.