Moto Chini ya Kimea

SWALI: Natengeneza bia yangu mwenyewe. Shayiri naichipuza kisha naikausha juu ya moto wa gesi ulio wazi. Rafiki amenitisha kuwa bia ina nitrosamini, kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani, na kwamba huletwa na maji. Nikichemsha sana, si zitatoka? Je, ulimi unaweza kuzitambua?

JIBU: Rafiki yako ana haki ya kukutisha, ila amemkamata asiye mwizi. Tuanze na moto wako.

Shayiri inapochipua, kwenye vijizizi vyake huzaliwa hordenini, moja ya zile kemikali ziitwazo amini. Mwali mkali nao huunganisha nitrojeni na oksijeni ya hewa kuwa oksidi za nitrojeni. Ukipitisha hewa ya mwali huo katikati ya kimea kibichi, viwili hivyo hukutana, na hapo huzaliwa kemikali iitwayo kwa kifupi NDMA. Hiyo ndiyo nitrosamini iliyowekwa kundi la 2A na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani: huenda inasababisha saratani kwa binadamu.

Viwanda vikubwa vilikausha kama wewe. Ujerumani Magharibi walipopima bia zao mwishoni mwa miaka ya 1970, wastani ulikuwa mikrogramu 2.7 kwa kilo. Bia moja ilifika 68. Mwaka 1980 Marekani iliweka kikomo cha 5. Matanuri yakabadilishwa: moto upashe bomba, bomba lipashe hewa, na hewa hiyo safi ndiyo ipite kwenye kimea. Wengine walichoma salfa, maana moshi wake huzuia mmenyuko.

Kuchemsha hakutakuokoa, sehemu kubwa ya iliyomo kwenye kimea hufika kwenye glasi. Ulimi nao usahau. Mikrogramu moja kwa kilo ni sehemu moja katika bilioni.

Maabara nilikofanya kazi tulitumia kromatografia ya gesi, yaani kutenganisha kemikali zikiwa mvuke: kisha joto huvunja nitrosamini, nitriki oksidi inayotoka hukutanishwa na ozoni, kisha mwanga hafifu unaotokea hupimwa. Nikiwa mgeni kazini niliacha chupa ya sampuli dirishani, majibu yakatoka safi kabisa. Nikashangilia. Mkuu wangu akacheka: jua lilikuwa limekula ushahidi. Nitrosamini huvunjwa na mwanga. Baadaye nikajifunza kuitumia kasoro hiyohiyo: tukitilia shaka alama kwenye grafu, tuliimulika sampuli kwa taa ya urujuanimno, na ikitoweka tulijua tumempata mhusika.

Maji sasa. Nitrati iliyomo majini na kwenye hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, haina kesi hadi bakteria wachafuzi wa chachu waigeuze nitriti wakati wa kuchachusha. Hapo huzaliwa nitrosamini za jamii nyingine, zisizogeuka mvuke, ambazo kipimo nilichokieleza hakizioni. Osha vyombo, na usirithishe chachu ileile pipa baada ya pipa.

Kausha kwa hita ya umeme na feni. Kimea kikikauka, kisugue vijizizi vikatike, uvipepete, uvitupe. Na kile ulichokwisha kukausha juu ya moto? Mimi nisingekipika.